Vitabu vya Majina Huko Sisilia

Mwaka uliopita tulifuatana na rafiki yetu mmoja mzee katika safari ya Sisilia, kisiwa kikubwa cha Italia kilicho katika bahari ya Mediterania. Rafiki huyo alizaliwa Marekani, lakini babu yake alizaliwa katika mji wa Cefalù, akavuka bahari pamoja na maelfu ya Wasisilia waliokwenda kutafuta kazi kabla ya vita kuu ya mwaka 1914.

Mzee wetu hakwenda kutafuta mali wala urithi. Alikwenda kwa sababu ya neno moja chungu lililosemwa nyumbani kwao tangu zamani, ya kwamba babu wa babu yake, aliyekuwa mvuvi, alifiwa na mkewe, akaoa mwingine kabla majani hayajaota kaburini. Kwa ajili ya neno hilo mwanawe wa kwanza alikataa kumpa mtoto wake ye yote jina la baba yake. Na huko Sisilia jambo hilo si dogo. Desturi yao ni kwamba mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na binti wa kwanza jina la bibi mzaa baba. Wanaofuata hupewa majina ya wazazi wa mama. Sisi tulio na desturi za namna hiyo twajua maana yake: kumnyima mzee jina ni kama kumzika mara ya pili.

Basi tukapanda treni Palermo, tukaelekea mashariki, bahari ikiwa upande wetu wa kushoto, hata tukaona jabali kubwa limesimama juu ya mji, na chini yake minara miwili ya kanisa kuu ambalo Mfalme Ruggero wa Pili alianza kulijenga mwaka 1131. Nyumba zimesongamana mpaka ufukoni. Katika njia moja tulishuka ngazi za mawe, tukafika mahali pa kufulia nguo pa zamani, ambapo maji hutoka katika mifereji na kupita katika mabirika ya mawe. Mzee akatia mkono majini, akasema, “Mama yule naye alifua hapa.” Hakusema zaidi.

Imetupasa kueleza habari za vitabu vyenyewe. Vya kwanza ni vya Kanisa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kila paroko awe na kitabu cha kuandika ndoa na mashahidi wake, na tena aandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mwaka 1614 Papa Paulo wa Tano akatoa kitabu cha ibada chenye mifano ya kuandika ubatizo, kipaimara, ndoa, vifo, na hali ya roho za parokia, yaani watu wa kila nyumba. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kilatini. Vya pili ni vya serikali, navyo vilianza Sisilia mwaka 1820, zamani za Ufalme wa Sisilia Mbili. Viliandikwa kwa Kiitalia, nakala mbili: moja ilibaki mjini, na moja ilipelekwa mahakamani. Siku hizi picha za vitabu vingi vya serikali huonekana kwa intaneti, na mzee wetu alikuwa amekwisha kusoma baadhi yake nyumbani kwake.

Katika vitabu hivyo vya serikali kila ukurasa wa kuzaliwa una sehemu mbili. Upande wa kushoto karani aliandika kwamba baba amekuja, amemleta mtoto, naye mwenye daftari amemwona kwa macho yake. Upande wa kulia iliandikwa siku ya ubatizo, kama paroko alivyojulisha. Mwishoni, mara nyingi sana, twasoma kwamba baba hakutia sahihi kwa kuwa hajui kuandika. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mvuvi. Hakuacha barua wala neno lolote la kujitetea. Watu wengine ndio waliomwandikia mambo ya maisha yake.

Tulipata ndoa yake ya kwanza, mwaka 1826. Tukapata mwana wa kwanza, aliyepewa jina la babu yake kama desturi. Kisha, mwezi wa Februari mwaka 1833, tukamwona mvuvi amesimama tena mbele ya daftari na mtoto mchanga wa kiume. Siku sita baadaye, katika kitabu cha vifo, majirani wawili walikuja kutoa habari kwamba mkewe amekufa. Na siku 43 baada ya kifo hicho mvuvi alioa tena. Basi maneno ya nyumbani yalikuwa ya kweli, na mzee wetu akafunika uso kwa mikono.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kila ndoa katika zamani zile ilikuwa na bahasha yake ya hati: vyeti vya kuzaliwa vya bwana na bibi arusi, na vya vifo vya wale waliotangulia. Katika bahasha ya ndoa ya pili tulisoma kwamba bibi arusi alikuwa mjane, ambaye mumewe alikufa mwaka uliotangulia. Tukarudi katika kitabu cha vifo, tukitafuta jina lake. Mwezi ule ule wa Februari palikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano, mtoto wa mjane huyo, amekufa. Hapo ndipo tulipotazamana. Katika nyumba moja palikuwa na mtoto asiye na mama wa kumnyonyesha. Katika nyumba nyingine, mama aliyepotewa na mtoto. Daftari halikusema kwa nini walioana. Liliandika siku tu.

Siku ya pili tulikwenda kwa paroko, nasi tulikuwa tumemwandikia barua mapema kuomba ruhusa. Alitufunulia kitabu cha ubatizo, na polepole akatusomea Kilatini chake. Mwaka 1834 mvuvi na mke wa pili walibatiza binti. Kwa desturi angalipewa jina la mmoja wa bibi zake. Hakupewa. Alipewa jina la yule mama aliyekufa. Paroko akatuambia kwamba wagane wengi walifanya hivyo, ili marehemu asisahauliwe nyumbani. Na mama aliyemzaa binti huyo alikubali kuliita jina hilo kila siku, jikoni na mlangoni.

Mwisho tulifungua kitabu cha hali ya roho cha mwaka 1843. Nyumba yao imo: mvuvi na mkewe, kijana wa miaka 16, binti wa miaka 9 mwenye jina la marehemu, na kati yao yule aliyeachwa wa siku sita, sasa ana miaka 10.

Mzee wetu alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Yule kijana aliona arusi kwa macho ya mtoto wa miaka sita. Simlaumu. Lakini sisi tulikuwa watu wazima, tukaendelea kusema.” Akamwomba paroko Misa kwa ajili ya wote wanne, mvuvi, wake zake wawili, na mwana aliyekasirika. Jioni ile aliwaandikia ndugu zake barua.

Enyi wazazi na walimu, mnapokwenda kuandikisha mtoto, msiseme majina kwa haraka, wala msiache tarehe wazi. Mstari mmoja ulioandikwa vema uliweza kumtetea mtu asiyejua kuandika, miaka zaidi ya 180 baadaye. Na tunapowasimulia watoto habari za wazee wetu, tukumbuke kwamba huenda tumelishika neno moja tu, nalo lina ndugu zake kitabuni.