Angalia Kilicho Nyuma ya Shabaha

Mwezi uliopita nilitembelewa na mtoto wa mdogo wangu. Yeye anafanya kazi Mwanza. Alinisalimu, "Shikamoo, baba mkubwa." Niliitika, "Marahaba." Kisha alitoa simu yake akanionyesha picha.

Ilikuwa picha ya upinde wa kigeni. Upinde huo umelazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Ukivuta kifyatulio, mshale unatoka. Juu yake kuna darubini ndogo ya kulengea.

Kijana aliniuliza, "Baba mkubwa, wewe ulikuwa mwindaji. Nichague darubini gani ili nisikose?"

Sikumjibu upesi. Nilimwita baba yake aje tukae pamoja. Sababu utaiona hapo mbele.

Upinde wa babu

Sisi ni watu wa Wilaya ya Serengeti, karibu na Mto Grumeti. Zamani Waikoma, Wanata na majirani zetu walijulikana kwa uwindaji. Huko Tarime nako Wakurya walishika upinde. Uliwasaidia kulinda ng'ombe. Lakini pia ulitumika katika mapigano ya koo, na watu wengi walikufa.

Babu yangu alinifundisha kuchagua upinde. Alisema upinde mzuri si ule mgumu kuliko yote. Upinde mzuri ni ule unaoweza kuuvuta na kuushika bila mkono kutetemeka. Ukitetemeka, hulengi. Unabahatisha tu.

Alinifundisha pia kujua jicho langu la kulengea. Hata wewe unaweza kujaribu. Kutanisha viganja vyako mbele ya uso, uache tundu dogo katikati. Tazama mti ulio mbali kupitia tundu hilo. Sasa fumba jicho la kushoto. Kama mti bado unaonekana, jicho lako la kulengea ni la kulia. Kama mti umepotea, jicho lako la kulengea ni la kushoto.

Mishale mitatu

Shabaha yetu ilikuwa kichuguu. Babu alipima hatua 20, akaweka alama ya majivu juu ya kichuguu. Nilipiga mshale mmoja ukaingia katikati ya alama. Nilifurahi sana. Babu hakufurahi. Alisema, "Mshale mmoja unaweza kukudanganya. Piga mitatu."

Nilipiga mitatu. Yote ilikwenda chini, upande wa kushoto. Babu akasema hilo si kosa kubwa. Mishale ikikaa mahali pamoja, mkono wako ni mzuri. Kinachobaki ni kusahihisha shabaha. Lakini mishale ikitawanyika, usisahihishe kitu. Rudi ujifunze kushika upinde.

Kisha alinirudisha hatua 30. Mishale ilianguka chini zaidi. Hapo nilijifunza kwamba mshale hauendi moja kwa moja kama uzi. Kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo unavyoshuka. Kwa hiyo mwindaji lazima ajue umbali kabla ya kulenga.

Kijana wetu alishangaa. Darubini ya upinde wake hufuata mambo hayo hayo. Nilimweleza kwamba darubini ya kukuza vitu mno haina faida, kwa sababu mshale hupigwa karibu. Ndani ya darubini nzuri ya upinde kuna mistari kadhaa. Mstari wa juu ni wa karibu. Ya chini ni ya mbali.

Darubini hiyo hufungwa imara, isicheze. Upinde huegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Unapiga mishale mitatu kwa hatua 20. Unatazama ilipokaa. Kuna skrubu mbili ndogo. Moja husahihisha juu na chini. Nyingine husahihisha kulia na kushoto. Unazungusha kidogo, unapiga mitatu tena, mpaka mishale ifike kwenye alama. Baada ya hapo unajaribu mistari ya chini kwa hatua 30 na 40.

Jioni moja mwaka 1975

Msomaji, sasa nitakuambia jambo ambalo kijana yule hakulijua.

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka 17. Jioni moja nilichukua upinde wa babu bila ruhusa yake. Nilichukua na mshale uliopakwa sumu ya mti wa msunguti. Sumu hiyo ikiingia katika damu, husimamisha moyo.

Jua lilikuwa linazama. Niliona kitu cha rangi ya kahawia kikitikisika nyuma ya kichaka. Moyo wangu ukasema, "Swala!" Nilipima umbali vizuri. Nilishika upinde vizuri. Niliachia mshale.

Nikasikia sauti ya mtoto akilia.

Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa ananifuata kwa siri, akaja kupitia upande wa pili. Shuka yake ilikuwa ya rangi ya kahawia. Mshale ulichoma shuka, ukaingia katika mti ulio karibu naye. Haukumgusa mwilini. Kama ungemgusa, asingefika nyumbani.

Babu hakunipiga. Alichomoa mshale, akautupa motoni. Alisema, "Jicho lako ni zuri. Lakini liliona nyama kabla ya kuona kitu kilichokuwapo."

Mdogo wangu huyo ndiye baba wa kijana aliyeniletea picha. Tulipomaliza kusimulia, kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha aliweka simu mfukoni.

Sheria nayo

Nilimwambia na jambo la pili. Zamani babu zetu waliwinda ili kula. Leo kuna sheria. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Pia inakataza kuwinda kwa sumu. Upinde uwe wa babu au wa kigeni, sheria ni hiyo hiyo. Mtu anayefungwa gerezani huacha mke na watoto bila msaada.

Tena wanyama hao sasa wanatuletea faida wakiwa hai. Vijiji kama Robanda na Nata Mbiso vimeungana katika Jumuiya ya Ikona. Jina hilo limetoka katika Ikoma na Nata. Jumuiya hupata fedha kutokana na utalii.

Ndugu msomaji, kama una kijana anayetamani silaha ya kuwindia, mwambie mambo haya manne:

Kwanza, kabla ya kununua, aende ofisi ya wanyamapori ya wilaya aulize sheria.

Pili, ajifunze kwa kupiga shabaha iliyo mbele ya kichuguu au tuta la udongo, mahali ambapo hapiti mtu wala mfugo.

Tatu, asiamini mshale mmoja.

Nne, asiachie mshale mpaka ajue kwa hakika anachokiona, na kilicho nyuma yake.

Darubini inaweza kukuza kichaka. Haiwezi kukuambia ni nani amejificha nyuma yake.