Jahazi la Kushikwa

Mninga ni mti mzuri kiasi cha kumfanya fundi awe mvivu. Ukizunguka nyuma ya karakana za samani pale Dodoma mjini, mabaki yake yamelundikwa kama kuni, maana tangu serikali ihamie huku kila ofisi inataka meza. Unaokota kipande, unapiga randa mara mbili, rangi ya asali inatokea. Na ukishakauka hautembei ovyo, jambo ambalo kwa ukavu wa Hombolo si dogo.

Lakini jahazi hili namjengea Baba, na Baba haoni. Presha ya macho imemaliza kazi yake. Alikulia Kilwa Kivinje, katikati ya vyombo. Sasa anakaa nami huku Ugogoni, ambako bahari yetu ni bwawa lililojengwa miaka ya 1950 na manahodha wetu ni wavuvi wa perege. Rangi ya asali haimsaidii kitu. Ilibidi miti ichaguliwe kwa kidole, kwa uzito na kwa pua.

Kipimo ni moja kwa 24, yaani jahazi la futi 50 linakuwa na inchi 25. Sasa hapo kuna jambo: ubao unaupunguza mara 24, ila nyuzi za mti hazikubali kupunguzwa. Vile vinyweleo vya mninga, ambavyo kwenye meza ni urembo, kwenye ubao usiofika unene wa milimita mbili vinakuwa mitaro. Baba alipapasa kipande nilichompa.

"Huu ubao au mkeka, mwanangu?"

Mbao za ubavuni nikazitoa kwenye mpera. Watu huudharau mpera, labda kwa sababu hauna gogo la maana, lakini nyuzi zake ni laini na zimeshikana. Mapande ni mafupi, sawa. Hata mbao za jahazi la kweli huungwa. Nilipaka nta kwenye ncha zisipasuke, nikayaacha uvunguni, mbali na jua, msimu mzima wa kiangazi.

Mataruma hayakunisumbua. Wajenzi wa pwani hutafuta matawi yaliyojipinda yenyewe, kwa sababu tawi la namna hiyo nyuzi zake hufuata pindo, halivunjiki kama ubao uliokatwa kwa msumeno kuwa pinde. Migunga ya huku imejipinda kuliko haja. Miiba tu ndiyo iliyodai damu yake.

Ugomvi ulikuwa kwenye mpingo. Nilikuwa nao kidogo, nikapendekeza uwe mkuku, uzito ukae chini. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mkuku wa mpingo? Loo! Kitazama hicho kabla nahodha hajapanda." Kweli, mpingo hauelei, ukiutupa majini unakwenda chini kama jiwe. Nikamjibu kwamba letu litakaa mezani. Akasema chombo ni chombo. Mkuku ukawa wa mninga, kwa sababu ule unaonyooka lazima ubaki umenyooka, na mpingo ukaenda kwenye gofia: vipande vidogo kama punje za maharage, ambavyo ungevitoboa kwenye mti mwingine vingepasuka. Ni baridi na laini kama kokoto. Kila siku Baba huzihesabu.

Harufu ilitokea mbali. Mti wa bara, hata uuchonge vipi, haunuki pwani. Jamaa mmoja aliniletea chupa ya sifa, mafuta yale ya papa, na kondakta wa basi akalalamika safari nzima. Nilipaka usiku, Baba akiwa amelala. Asubuhi alitoka chumbani bila fimbo, mkono ukutani, akaja moja kwa moja hadi mezani. Hakusema neno mpaka chai ikapoa.

Shahamu ya tumboni ilikuwa rahisi: chokaa dukani, na mafuta ya ng'ombe si kitu cha kutafuta kwa Wagogo.

Imebaki foromali. Nilichonga moja nzuri, kipande kimoja, akairudisha. Foromali, anasema, huunganishwa kwa miti miwili na kufungwa kamba. Anaifunga mwenyewe kwa uzi wa katani, tangu Jumatatu, anafungua na kufunga tena, na hataki nimshikie ncha.