Jina la Dereva Mkuu

Gari lilimzidi mnunuzi wake umri kwa miaka kumi na mmoja. Lilikuwa Mazda MX-5 ya mwaka 1992, lenye viti viwili, paa la turubai, na taa za mbele zinazolala ndani ya bodi na kuinuka zinapowashwa, kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Kijana aliyelinunua alizaliwa Milton Keynes kwa wazazi wa Unguja. Alikuwa na miaka 19, leseni ya miezi saba, na pauni 2,600 alizozidunduliza kwa kupanga bidhaa ghalani majira mawili ya kiangazi.

Gari hili lilizinduliwa katika maonyesho ya Chicago, Februari 1989, wakati Waingereza walikuwa wamekwisha kuyaacha yale magari madogo ya wazi yaliyowapa sifa. MGB ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1980. Mjapani akaikalia nafasi iliyoachwa. Injini ya lita 1.6 haitishi mtu. Utamu wake uko kwenye kona, na mji uliojaa mizunguko ya barabara kama Milton Keynes hauna uhaba wa kona.

Adui yake ni kutu. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa hupita katika vitundu viwili nyuma ya viti. Vikizibwa na majani, maji hutuama ndani ya bati la chini ya milango na kulila polepole, huku chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ikilila kwa nje. Ami yake kijana, fundi wa miaka mingi, aligonga mahali hapo kwa mpini wa bisibisi, akasikia mlio usiokuwa wa chuma. Muuzaji alikuwa amejaza pati na kupaka rangi juu yake.

Lakini kutu ina dawa: kukata, kuchomelea bati jipya, kupaka. Kilichomkalisha kijana kitako ni bima.

Uingereza hairuhusu gari litembee barabarani bila bima ya kumfidia walau mtu mwingine. Ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1930. Bei ya chini kabisa aliyotajiwa kwa mwaka mmoja ilikuwa pauni 3,450, zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Akajaribu bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu peke yake, akitaraji nafuu. Ikawa ghali zaidi, kwa kuwa kampuni zimekwisha kubaini kwamba wanaoichagua ndio wanaogonga mno. Kampuni zinazoshughulikia magari ya kale, ambazo hukubaliana na mwenye gari juu ya thamani yake tangu mwanzo, zilimwambia arudi akitimiza miaka 25.

Neno bima lilitufikia kupitia lugha za Bara Hindi, nazo zililipokea kutoka Kiajemi, ambako *bim* ni hofu. Asili hiyo haijachakaa. Kampuni humuuliza mtu umri, kazi, mtaa, gari linalala wapi, litakwenda maili ngapi. Majibu yote hugeuzwa kuwa kipimo cha hofu, na hofu hupewa bei. Zamani dadake kijana angelipa kidogo kuliko yeye, lakini tangu tarehe 21 Desemba 2012, kufuatia hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, jinsia haitumiki tena kupanga bei. Umri bado unatumika, na sheria inaruhusu.

Njia ya mkato inajulikana katika kila mtaa wa wahamiaji, na kwa wenyeji vilevile. Mzazi huandikwa dereva mkuu, kijana huandikwa dereva wa ziada, na bei hushuka. Katika hesabu ya kijana ilishuka hadi pauni 1,100. Usiku mmoja baada ya Isha akamwendea babake.

"Baba, nakuomba jina lako tu. Hutolipa hata peni moja."

"Na gari ataliendesha nani?"

"Mimi. Lakini kila mtu anafanya hivi, Baba."

"Basi andika la kwako, mwanangu."

Baba ni dereva wa teksi. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maelezo anayotoa mwenye bima inairuhusu kampuni iliyodanganywa kwa makusudi kuutangua mkataba na kubaki na fedha. Tangu hapo, aliyetanguliwa bima yake huulizwa habari hiyo kila anapoomba bima nyingine. Na dereva wa teksi asiye na bima hana kazi. Kijana naye, akionekana amekuwa barabarani bila bima, angepata alama sita, na mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili akifikisha alama sita hunyang'anywa. Yote hayo baba hakuyasema. Huenda alidhani mwanawe anayajua.

Kijana alijibu kwa ukali ambao si desturi ya nyumba ile. Alisema kampuni ndiyo iliyoanza uongo: imemwandikia makosa ya vijana asiowajua, na kwa kuwa uongo huo umefanywa na kompyuta unaitwa hesabu.

Anayeiona hoja hii ya kitoto hajawahi kulipia kundi asilolichagua. Wengi wetu, wenye majina yanayotufanya tusimamishwe pembeni viwanja vya ndege, tunaijua ladha yake. Hata hivyo makisio ya kampuni hayamtaji mtu kwa jina, na fomu humtaja. Kampuni hukisia kwa sababu haimjui kijana. Baba angetia saini hali ya kuwa anamjua.

Siku kumi na mbili walisalimiana tu.

Tangu mwaka 2011, mwenye gari Uingereza hana budi kulikatia bima au kutoa tamko rasmi kwamba haliko barabarani. Kijana akatoa tamko, gari likakokotwa hadi gereji ya ami, na majira yale ya baridi yakapita kwa kukata na kuchomelea. Alipotimiza miaka 20 akaomba upya, dereva mkuu akiwa yeye mwenyewe. Alikubali kufungiwa kisanduku cheusi kinachorekodi mwendo, breki na saa za kuendesha. Babake akamwandika dereva wa ziada, jambo linaloruhusiwa na linaloshusha bei, mradi huyo wa ziada analiendesha kweli. Ikawa pauni 1,780. Bado ni nyingi.

"Nimeandikwa," baba akasema, "basi lete ufunguo."

Kila Jumapili asubuhi mzee hujikunja hadi nyuma ya usukani, magoti yakikaribia kidevu, akatafuta gia ambazo mguu wake wa kushoto ulikwisha kuzisahau kwa miaka ya kuendesha gari la kujiendea lenyewe. Wanakwenda Bletchley kununua mihogo. Buti linachukua mfuko mmoja; wa pili hukaa mapajani mwa kijana.