Kware wageni wakae pembeni kwanza (Sehemu ya 9)

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Dada nesi, nimenunua kware wengine wa kuzalisha, niwachanganye leo leo?" Hapana jamani. Wiki 3 pembeni, 4 ikiwezekana.

Damu mpya unaihitaji, hilo sibishi. Kware wakizaana ndugu kwa ndugu unaona haraka: mayai mengi hayaanguliwi, na vifaranga wanaotoka ni dhaifu. Ila damu mpya isije na ugonjwa mpya.

Kule wodini mtoto mwenye surua hatumlazi katikati ya wenzake. Kware ni hivyo hivyo, na tena ndege ana tabia ya kuficha ugonjwa. Anakula, anatembea, kumbe utumbo umeshaoza. Anaweza pia kubeba mdondo akauleta kwa kuku wa bibi hapo uani.

Kizimba cha wageni kikae mbali, kiwe na vyombo vyake vya maji na chakula, na wewe uwe na ndala za huko tu. Hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, halafu nawa kwa sabuni. Kila asubuhi angalia kinyesi. Ukiona cha majimaji au chenye damu, au ndege amejikunyata manyoya yamesimama, mwite mtaalamu wa mifugo. Mmoja akifa, siku zinahesabiwa upya. Najua inauma ukiwa umeshapiga hesabu ya ada, lakini kupoteza wageni 6 si sawa na kupoteza banda zima.

Siku ya kuchanganya, usimwingize mgeni kwenye himaya ya wenyeji. Watoe wote, safisha banda, weka maranda mapya, hamisha vyombo, kisha warudishe wote pamoja giza likiingia. Dume 1 kwa majike 3 au 4. Madume wakizidi wanadonoana vichwa mpaka damu, na majike wanachakazwa migongo. Kwa kware wa rangi ya kawaida, dume ana kifua cha kahawia nyekundu kisicho na madoa, jike ana madoa meusi. Usishtuke mayai yakipungua siku kadhaa. Na kama umebadilisha dume, subiri wiki 2 kabla ya kupeleka mayai kwenye mashine, maana jike bado ana mbegu za yule wa zamani.

Sasa watoto, hapa ndo nakuwa mkali. Wengi tumepanga chumba kimoja, na boksi la kware linakaa uvunguni mwa kitanda. Tafadhali, litoke nje. Ndege mzima kabisa anaweza kuwa na salmonela kwenye kinyesi, na mtoto wa chini ya miaka 5 akiipata anaharisha mpaka anaishiwa maji. Asibusu kifaranga, asichezee maranda, na vyombo vya kware visioshwe kwenye beseni la vyombo vya kula.

Mayai yapikwe yaive. Kuna mama kaniambia anampa mwanawe mabichi ili pumu ipone. Hayaponyi pumu, mama yangu. Dawa ya kuvuta aliyoandikiwa iendelee.

Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, maswali nitayajibu asubuhi nikishatoka.