KINYONGA WA BUKU TATU

Kariakoo ukitaka sindano utapata, ukitaka trekta utaelekezwa. Lakini leo, mpenzi msomaji, naongelea rangi za kujirembea zinazogeuka. Kuna lipstiki ya kijani ambayo ukipaka inakuwa ya waridi, na kuna rangi ya kope ambayo ukigeuza shingo hivi ni zambarau, ukigeuza vile ni kijani. Kina dada wa mjini wanazisifia si mchezo, na bei yake ni ya sisi akina kajamba nani.

Jumamosi mimi na binamu yangu tulishuka Mnazi Mmoja, tukaikata Uhuru kwa miguu hadi Msimbazi, maana kwa foleni ile daladala ingetufikisha Jumapili. Wenyewe mnajua kwamba jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko lenyewe, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975 na likaungua Julai 2021. Ila biashara ya hapa haijawahi kukubali kukaa ndani ya soko. Imemwagika mitaani, na vipodozi ndio usiseme, hasa ukiingia ndani kuelekea Mtaa wa Kongo.

"Njoo mweupe! Njoo mrembo!" Kijana alikuwa ananiita mimi. Mimi, jamani, ambaye weusi wangu ni wa masizi ya chungu! Hapa "mweupe" ni salamu ya biashara, kama "bosi" kwa mwanaume asiye na nauli.

Tukaanza na lipstiki, buku mbili. "Sista, hii inasoma moyo," kijana akaapa. "Mwenye mtu inakuwa nyekundu, asiye na mtu pinki." Basi vizuri, tupime. Binamu mahari yake imeshatajwa, mimi sina hata wa kunitumia vocha. Tukapaka. Wote tukawa waridi, yake imepauka kidogo, yangu imeiva kama zabibu kwa sababu midomo yangu ni myeusi. Mapenzi hayamo humo. Ndani kuna rangi ambayo ikiwa kwenye nta kavu haionekani, ikikutana na unyevu wa mdomo ndiyo inajitokeza. Ukijani ni wa kukuvuta dukani tu. Wala si uchawi mpya, Wamarekani walikuwa wanauziwa Tangee, ya rangi ya chungwa inayogeuka mdomoni, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Kasheshe lilikuwa kwenye rangi ya kope. Duka la ndani kidogo, mwenyewe mama mtu mzima amejaa dhahabu. Shikamoo, marahaba. Nikaomba kile kikopo kinachogeuka, buku tatu. Mama akanitazama kwa huruma kabisa.

"Mwanangu, hiyo kwa weusi huo haitoki. Nunua losheni kwanza, wiki mbili tu, halafu uirudie."

Akaiweka kaunta. Chupa haina jina la kiwanda, haina orodha ya vilivyomo, ina picha ya mzungu anacheka. Elfu kumi na mbili. Yaani ninunue mkorogo wa elfu kumi na mbili ili nistahili rangi ya buku tatu!

Nikalipia kikopo peke yake, nikapaka nyuma ya kiganja, binamu naye, ambaye ni maji ya kunde. Tukatoka juani. Msomaji, kwake ilikuwa kama poda imemwagika. Kwangu iliwaka! Zambarau, nikainamisha mkono, kijani, nikainua, zambarau tena, kama shingo ya njiwa.

Sababu yake inaeleweka. Chenga za rangi hizi ni madini ya maika, membamba kuliko unavyodhani, yamevikwa utando wa oksidi ya titani. Utando huo unafanya kazi kama mafuta ya gari juu ya dimbwi pale stendi. Sehemu ya mwanga inarudi na rangi, sehemu inapita. Chini kukiwa na weupe, ule uliopita nao unarudi juu na kuizimua rangi. Chini kukiwa na weusi, unamezwa, inabaki rangi tupu. Dimbwi la kwenye lami jeusi huwa linang'aa kuliko yote, umewahi kuliangalia?

Nikarudi ndani kumwonyesha mama. Hakusema kitu. Akachovya kidole, akajipaka mkononi, kuanzia juu ya mkono hadi kwenye vidole. Juu, pale penye wekundu wa losheni, ukungu mtupu. Kwenye sugu za vidole, pale mkorogo ulipogoma, zambarau na kijani vikacheza. Akaangalia muda mrefu, akafuta na kanga, akamhudumia mteja mwingine. Losheni ilikuwa bado kaunta.

Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilitoka TFDA ikaenda TBS. Chupa isiyo na jina la kiwanda utamlalamikia nani? Hata kikopo changu nilikigeuza kwanza kusoma kilichomo na tarehe ya mwisho. Ile pambo ya kadi za harusi msipake machoni, inakwaruza. Na lipstiki ijaribuni kwanza ndani ya kiwiko, usiku mmoja, maana jamii ya rangi hizo huwasha baadhi ya watu.

Rangi ya kope inatoka kwa mafuta ya nazi na pamba. Lipstiki ni mbishi. Nilikula chipsi mayai, nikanywa chai, nikaoga, asubuhi bado ipo, na foronya ya binamu nayo sasa ni ya waridi.