Usinunue bando nyingine kabla hujapima DNS

Mtandao ukigoma hapa Nyeri, lawama ya kwanza huenda kwa ukungu wa mlima. Na kama laptopu yako ni ya Linux, ya pili inajulikana: "Si tulikuambia urudi Windows?" Mimi nasema tupime kwanza, ndio tulaumu.

Nimeona mse wa hosteli akinunua bando mara mbili usiku mmoja, na fomu ya mkopo inafungwa saa sita. Bando haikuwa na shida. Kilichokufa ni DNS.

DNS ni kama majina kwa simu yako. Wewe unabonyeza "Mathe", simu inapiga namba. Majina yakifutika, laini bado iko hewani, na namba unayoikumbuka kichwani bado inaingia. Intaneti nayo husafiri kwa namba. DNS, iliyobuniwa 1983, ndiyo huzitafuta ukiandika jina.

Kwa hivyo fungua teminali, andika ping -c 4 8.8.8.8. Halafu ping -c 4 google.com. Namba ikijibu na jina likatae, rudisha pesa mfukoni. Shida ni DNS.

Kwa Ubuntu, resolvectl status itakuonyesha seva unayouliza. Usikimbilie kuandika juu ya /etc/resolv.conf. Ile 127.0.0.53 utakayokuta pale ni kompyuta yako yenyewe, na ulichoandika kinaweza kufutwa ukiwasha mashine tena. Ingia mipangilio ya mtandao, sehemu ya IPv4, zima DNS ya otomatiki, weka 1.1.1.1, 8.8.8.8, kisha zima muunganisho na uuwashe tena.

Lakini jua unachochagua. Seva ya DNS huona jina la kila tovuti unayoiuliza. 8.8.8.8 ni ya Google, 1.1.1.1 ni ya Cloudflare. Kubadilisha si kujificha, ni kuamua nani akuone. Na wifi ya mkahawa yenye ukurasa wa kuingia inaweza kukwama mpaka urudishe otomatiki.

Fundi wa mjini atakutoza kuweka Windows, na kama DNS mbovu inatoka kwa ruta, Windows nayo itaipokea vilevile. Utakuwa umelipa na bado fomu haijaenda. Amri mbili hazimalizi hata dakika moja, na ni za bure.