Wazazi wakifika vakansi: safari yetu ya Tshangalele

Kwetu Likasi vakansi kubwa ikifika, mara nyingi watoto ndio wanapanda train ao motokari kwenda kuona nkambo. Mwaka uliopita, mwezi wa nane, nyumbani mwetu ilikuwa kinyume: nkambo wawili ndio walifika, baba na mama yangu, kutoka Kasai.

Kupokea wazee si kazi ya chungu peke yake. Bibi yangu alitayarisha bukari, sombe na kuku, lakini mama alikula kidogo tu, akaomba mayi ya moto na fasi ya kunyosha miguu. Siku mbili za kwanza msipange kitu. Train inachokesha hata kijana. Angalieni kama dawa ya tansion itatosha mpaka siku ya kurudi, tafuteni kiti yenye mugongo, na mufungie watoto televizyo kidogo ili wazee wasikike wakizungumza. Mimi niliwapa wazazi chumba chetu, sisi tukalala sebuleni. Hiyo ni kawaida, sitaki sifa.

Lakini wazazi wangu hawakuwa wageni wa kweli hapa. Baba alizaliwa katika muji huu wakati uliitwa Jadotville; jina la Likasi lilirudi 1966. Alikuwa mutoto mwezi wa tisa 1961, wakati askari wa Irelandi wa ONU walipozungukwa hapa na kupigana siku kadhaa. Alipokomaa akatumika Shituru. Kisha ikafika miaka 1992 na 1993. Wasomaji wakubwa wanakumbuka, vijana wanasikia tu: watu wa asili ya Kasai, maelfu kwa maelfu, walitolewa Katanga, na wengi walikaa wiki na miezi kwenye gare ya Likasi, chini ya mahema na mifuko, wakingojea train. Wengi walizika watoto pale. Sisi tulikuwa kati yao. Mimi nilirudia baadaye juu ya kazi ya kufundisha, nikaoa hapa. Baba hakurudi hata siku moja, zaidi ya miaka makumi tatu.

Nilienda kuwapokea pale pale gare. Baba alishuka polepole, akasimama, akaangalia chini, halafu juu ya manyumba. Akasema: «Nilikuwa nawaza miguu itakatala.» Akachukua valizi yake mwenyewe, tukaenda. Sikuongeza neno.

Siku ya tatu nikamuuliza anataka kuona nini. Nilifikiri atasema nyumba yetu ya zamani, ao kiwanda. Akasema: «Munipeleke ku Tshangalele. Tulikuwa tunafikaka kule na kinga siku ya mungo, kuuza samaki.» Mama akacheka: «Ao kuuza ao kula njiani?»

Watoto wa muji hapa wanajua jina la Tshangalele kwa sababu ya samaki sokoni, lakini wengi hawajui kwamba ziwa hii haikuwekwa na Muumba tangu mwanzo. Ni ya kazi ya mikono ya watu. Mutoni Lufira ulikuwa unapita katika bonde pana lenye majani na vinamasi, kisha unaanguka pale Mwadingusha, fasi ambayo wazungu waliita Chutes Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mutu wa mawe aliyepita huku pamoja na msafara wa Bia na Francqui mwaka 1892. Union Minière ilihitaji umeme kwa kuyeyusha shaba. Wakafunga mutoni juu ya maanguko, na kuanzia 1930 santrali ikatoa umeme. Mayi yaliyozuiwa yakaenea nyuma mpaka karibu na Kapolowe. Ndivyo ziwa ilizaliwa, kadiri ya kilomita za mraba 400 wakati imejaa. Ni pana lakini haina kina. Santrali ya Mwadingusha iliitwa Francqui, na ile ya Koni, chini yake, iliyofuata miaka 20 nyuma, iliitwa Bia. Wale watu watatu wa msafara mumoja, kila mumoja akapata kipande chake cha Lufira! Wenyeji walikuwa na majina yao tayari, na ndiyo yamebakia.

Tulitoka alfajiri, saa kumi na mbili, na baridi ya mwezi wa nane. Barabara ya Lubumbashi mpaka Kapolowe ni ya gudro, haisumbue. Kapolowe tulisimama kwanza kwenye misyo ya Wabenediktini, mama akasali kidogo. Hapo baba akaanza kuuliza watu juu ya mulobi mumoja, rafiki yake wa zamani. Tuliuliza nyumba ine. Ya tano, mama muzee akatoka, akamuangalia baba muda murefu, akamuita kwa jina ya mutoto wake wa kwanza. Alikuwa muke wa yule mulobi. Bwana yake amekwisha kufa miaka mingi. Akasema: «Shemeji, alikuwa anauliza kila mwaka kama kuko wenye wamerudia.»

Baba akakaa chini kwenye kiti kidogo, akatosha kofia. Hatukuwa na haraka tena. Yule mama alitupikia samaki na bukari, akakataa franga zetu, na mama yangu akamwachia kitenge alichokuwa ameleta kwa mutu mwingine. (Huyo mutu mwingine ni bibi yangu, na amesamehe.) Wazee walizungumza kwa Kiswahili chao cha zamani cha kambi, wakicheka vitu ambavyo sisi hatukuelewa. Juu ya 1993 walisema maneno machache sana. Yule mama alisema tu: «Siku ile bwana yangu alikuja ku gare na kitunga. Hakuwaona.» Baba akajibu: «Tulikuwa upande wa mwisho.»

Nyuma ya chakula tukashuka kwenye ukingo. Mwezi wa nane mayi inarudi nyuma, na watu wanalima mboga kwenye udongo ule mweusi. Mitumbwi ilikuwa inarudi. Wanawake wanangojea pale pale, wanapatana bei mbele samaki haijaguswa udongo. Mama yangu alipatana kama vile hakuondoka hata siku moja, mpaka akapewa matabish ya tilapia mbili.

Bibi yangu ni muuguzi, naye aliuliza swali ambalo kila familia ya muji wa migodi inapaswa kuuliza. Mito inayopita Likasi imebeba uchafu wa viwanda kwa miaka mingi, na mayi yake inaishia Lufira na katika ziwa hii. Mwaka 2009 wataalamu wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mukojo wao, na watoto zaidi. Udongo na vumbi vinaingia kwa mikono na kwa chakula. Hatukutupa samaki yetu, sitawadanganya. Lakini tulitosha matumbo yote, tukaosha mboga mara tatu kwa mayi safi, na watoto wakanawa mikono mbele ya kula. Walobi wenyewe wanaishi kwa ile ziwa. Kuwaambia «musile» bila kuwapa kitu kingine ni maneno ya mutu mwenye kushiba.

Watoto walipenda ndege zaidi. Kuko ndege mudogo wa manjano, uso mweusi, anayeshona kiota kwenye matete. Wataalamu wanamuita Ploceus ruweti. Alikamatwa hapa Tshangalele 1960, akaandikwa kuwa aina ya pekee 1982, kisha hakuonekana tena na wataalamu mpaka 2009. Hayuko fasi ingine ya dunia isipokuwa bonde hili la Lufira. Kama tulimuona yeye ao ndugu yake, sijui; kijana wangu anaapa ni yeye.

Siku ingine tulifika Mwadingusha. Njia ni mbaya, vumbi mpaka kwenye meno, na mama alibaki nyumbani kwa akili nzuri. Mayi mingi inapita mu tuyo kubwa kwenda kwa mashini, kwa hiyo maanguko si yale ya picha za zamani. Mashini sita zilitengenezwa upya, kazi ikaisha 2021, na umeme wake unasaidia mugodi wa Kamoa-Kakula kule Kolwezi. Baba aliangalia nyaya zikipita juu ya nyumba za majani, akamuuliza kijana mumoja kama nyumbani kwao kuko taa. «Hapana, nkambo. Tuko na simu, tunachaji kwa jua.» Baba akacheka mpaka akakohoa.

Kwa familia zinazotaka kwenda: chagueni kiangazi, kwa maana wakati wa mvua njia ya Mwadingusha inakula motokari. Toka asubuhi, beba mayi ya kunywa na kofia za wazee. Ukifika kijijini, salimia chifu kwanza, kisha toa simu ya kupiga picha. Ndani ya santrali hamuingie bila ruhusa. Msibishane na walinzi, nje panatosha. Na kama muzee wako anauliza juu ya mutu wa zamani, tafuta nyumba ya tano.

Baba amekwisha kuandika kwamba mwaka huu anakuja tena, mbele ya mvua. Anataka kuona maanguko ya Lofoi, kule Kundelungu, zaidi ya mita 300. Mama ameuliza kama kuko kiti.